Mwongozo wa Biashara Ndogo ya Kuku kwa Mkaazi wa Nkowe

Katika kata ya Nkowe na vijiji vinavyoizunguka, biashara ya kuku ndiyo ambayo mtu huingia pasipo kujua kwamba ameingia. Ni nadra kuona nyumba isiyo na mitetea wawili watatu wanaochakura uani, na ni nadra mgeni wa heshima kuondoka bila kuchinjiwa, na aghalabu shilingi za daftari la mtoto wa shule au za dawa ya mgonjwa hutoka kwa jogoo aliyefungwa miguu na kupelekwa gulioni. Walakini kuwa na kuku ni jambo moja na kufanya biashara ya kuku ni jambo jingine. Mwenye kuku huuza akipatwa na shida, na mfanyabiashara huuza akipata bei. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayetaka kutoka katika hali ya kwanza na kuingia katika ya pili kwa rasilmali ndogo, na rai yake ni moja: kwamba hapa kwetu faida ya kuku haitoki kwanza katika wingi wa mitetea, wala ubora wa mbegu, wala uzuri wa banda, bali katika vifaranga wanaookolewa wasife, na katika kuwa na kuku wa kuuza mwezi ule ambao watu wana fedha mkononi. Basi fedha yako ya kwanza na itumike huko.

Watu wa sehemu hizi wana ushahidi wa karibu kuliko wengine juu ya hatari ya kuanza kwa ukubwa. Jirani yetu Nachingwea, pamoja na Kongwa na Urambo, ilikuwa mahali pa ule mpango mashuhuri wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1947, ukafyeka misitu, ukaleta bandari ya Mtwara na reli ya kuja bara, kisha ukaachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36, kwa sababu mashine na watu walitangulia na majaribio ya ardhi na mvua yakafuata nyuma. Mpango huo ulikuwa na ndugu yake wa kuku, ingawa wachache humtaja. Mwaka 1948 shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni lilianzisha shamba la kuku huko Yundum, katika nchi ya Gambia, kwa ahadi ya kupeleka Uingereza mayai milioni 20 kila mwaka. Nafaka iliyotegemewa kulisha kuku hao haikupatikana kwa kiasi kilichotarajiwa, chakula kikawa cha kuagizwa kutoka mbali kwa bei ghali, maradhi yakaingia na kuua makumi ya maelfu ya kuku, na mwaka 1951 shamba likafungwa hali limekwisha kula zaidi ya pauni 800,000. Mambo mawili yaliyoiangusha biashara ile, yaani chakula cha kununuliwa mbali na maradhi yasiyozuiliwa, ndiyo hayo hayo yanayoiangusha biashara ya kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba. Ila mkaazi wa Nkowe hana hazina ya serikali ya kumfidia hasara yake, kwa hiyo tahadhari imlazimu zaidi.

Shika kalamu, msomaji, kabla ya kushika jembe la kuchimbia nguzo za banda. Tuseme unao mitetea watano wa kienyeji na jogoo mmoja, ambao ni mtaji usiopita uwezo wa mtu wa kawaida. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 katika mtago mmoja, kisha huatamia kwa siku 21, na akiachwa afuate desturi yake hufanya hivyo mara tatu, pengine nne, kwa mwaka. Tukichukua mara tatu, na kila mara vifaranga tisa walio hai, mitetea hao watano watakupa vifaranga 135 kwa mwaka. Mtu akiishia hapo hujiona ni tajiri, na wengi huishia hapo. Lakini palipo na ufugaji wa kuachia kuku wajitafutie pasipo uangalizi, si ajabu theluthi mbili ya vifaranga kupotea kabla hawajatimiza miezi miwili, wengine kwa baridi ya mvua, wengine kwa mwewe, kicheche, paka na nyoka, wengine kwa njaa tu, kwa sababu kifaranga wa siku tano hawezi kushindana na jogoo juu ya punje zilizomwagwa uani. Basi katika wale 135 hubaki 45, na katika hao 45 bado hujawatoa watakaokufa kwa kideri.

Sasa zitafakari njia mbili za kuongeza mapato. Njia ya kwanza ni kununua mitetea watano wengine, ukawa nao kumi, wakatotoa vifaranga 270, wakafa 180, ukabaki na 90. Njia ya pili ni kubaki na watano ulio nao na kufanya tadbiri kwamba wanaokufa wawe theluthi moja badala ya theluthi mbili; nao watakubakizia hao hao 90. Kwa hesabu ya vichwa matokeo ni sawa, lakini katika njia ya kwanza umenunua mitetea, umelisha vinywa maradufu na umezika vifaranga 180, na katika njia ya pili umetumia matenga, pumba na matone ya chanjo. Tena kila kundi la vifaranga linalopotea limekwisha gharimu karibu miezi mitatu ya maisha ya mama yao, kwa kuwa wiki tatu za kuatamia na wiki nane au zaidi za kulea ni wiki ambazo mtetea hatagi yai hata moja, na muda huo haurudishwi na mtu yeyote. Weka bei ya kuku ya leo hapo Nkowe au Ruangwa mjini, uizidishe kwa wale 45 wa ziada, ndipo utakapoona thamani ya tenga.

Kuwaokoa vifaranga huanzia katika yai. Chagua mayai ya wastani, yasiyo na ufa, yasiyopita siku kumi tangu kutagwa, wala usiyaoshe. Yahifadhi kivulini mahali pa baridi, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Mitetea wawili au watatu wakikaribia kuatamia kwa siku zisizopishana sana, mngojeshe aliye wa kwanza kwa kumwachia yai moja bovu kiotani ili asiache kukaa, kisha wape wote mayai jioni moja, wapate kutotoa siku moja. Kwa njia hiyo vifaranga wa mama wawili huweza kulelewa na mmoja, na yule mwingine akarudi kutaga mapema. Siku ya saba baada ya kuatamisha, ingia chumba cha giza usiku na tochi, uuzibe mwanga wake kwa vidole hata utoke katika tundu dogo, uliweke yai juu ya tundu hilo kwa upande wake mnene. Yai lenye uhai huonyesha doa la giza lenye mishipa myembamba myekundu iliyotawanyika mfano wa miguu ya buibui, na ukituliza mkono utaliona doa likijitikisa. Yai tasa hung'aa manjano pande zote, nalo huna sababu ya kumkalisha mtetea juu yake kwa wiki mbili nyingine. Kazi hii ni ya robo saa, na mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya akifundishwa mara moja.

Vifaranga wakishakauka, waweke pamoja na mama yao chini ya tenga pana lililofunikizwa mahali pakavu, wapewe maji safi katika chombo kisicho na kina ili wasizame, na pumba zilizochekechwa zikichanganywa na dagaa waliopondwa, au mchwa, ambao ni chakula bora cha kifaranga na hawana bei. Ukitaka mchwa, jaza chungu kikuukuu kwa mabua makavu na vipande vya boksi vilivyoloweshwa, ukifunikize jioni juu ya njia yao, na asubuhi kabla jua halijakolea ukikung'ute mbele ya kuku. Mwezi wa kwanza ndio wa hatari kubwa. Yule anayeuvuka akiwa ameshiba na amelala pakavu amekwisha kuwa mali.

Wakivuka hapo, adui aliyebaki ni mmoja aliye mkubwa kuliko wote, naye ni kideri, ambacho wengi hukiita mdondo. Kuku huzubaa, huteremsha mabawa, huharisha kijani, wengine hupinda shingo na kuzunguka mahali pamoja, na katika kijiji kisichochanjwa ugonjwa huu huweza kuwamaliza karibu wote kwa muda wa wiki moja au mbili. Hauna tiba. Yeyote anayekuuzia vidonge au unga wa rangi wa kuponya kideri anakuuzia maji, kwa kuwa dawa hizo hazina nguvu juu ya kirusi. Na fedha inayotumika siku kuku wanapokufa ni fedha iliyochelewa. Kinga ndiyo iliyopo, nayo ni rahisi. Chanjo ya I-2, iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia kwa makusudi ya kuku wa vijijini, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, na hapa Tanzania hutengenezwa na serikali yenyewe. Ile iliyotoka katika maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ndiyo iliyopata jina la TEMEVAC. Lakini kustahimili joto si kustahimili jua: ibebwe katika kitambaa kibichi au chombo chenye baridi, isitiwe mfukoni, na chupa ikishafunguliwa itumike siku hiyo.

Namna ya kuchanja yafaa kuijua kwa macho yako mwenyewe, usimwachie mwingine. Mmoja humlaza kuku kwa ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine huishika chupa wima pasipo kuigusisha jicho, hudondosha tone moja, na kuku haachiwi mpaka tone lienee na yeye apepese jicho. Tone likimwagikia manyoya, hesabu kwamba kuku huyo hajachanjwa, umrudie. Tone ni lile lile kwa jogoo mkubwa na kwa kifaranga aliyetotolewa jana. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na hudumu miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo mtu asiyechanja walau mara tatu kwa mwaka amechanja nusu. Kuku wagonjwa wasichanjwe, na pale ugonjwa ulipokwisha ingia bandani chanjo haiwaokoi walioambukizwa.

Hapa pana jambo la uchumi ambalo wengi hulipita. Chupa moja ya chanjo hutosha mamia ya kuku, hali nyumba moja ya Nkowe yaweza kuwa na kuku ishirini; anayenunua peke yake huona ghali, hutumia kidogo na kumwaga kilichobaki, na mwaka wa pili hanunui tena. Majirani kumi wakichanga, gharama kwa kuku mmoja huwa ndogo mno, haifikii thamani ya yai. Tena kuku hawajui mipaka ya ua, na ugonjwa wa jirani asiyechanja hupita njia ile ile wanayopita kuku wake kuja kwako. Kwa hiyo ushirika wa majirani katika chanjo si hisani tu, bali ni sehemu ya mtaji wako, na mtu mwenye busara huanza kuutafuta ushirika huo kabla ya kutafuta mbegu ya kuku. Ofisa mifugo wa kata yako ndiye wa kumwendea, naye atakueleza pia chanjo ya ndui, ugonjwa ambao huwaharibu vifaranga macho.

Sasa tuje katika kalenda, maana huku kusini fedha ina msimu kama mvua ilivyo na msimu. Ufuta huvunwa na kuuzwa katikati ya mwaka. Korosho huingia minadani kuanzia Oktoba kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Na baina ya Januari na Machi, wakati shamba linadai palizi na ghala limekaribia kuwa tupu, karibu kila nyumba hutafuta kitu cha kuuza. Mchuuzi wa kuku hulijua hilo kuliko sisi. Huja na matenga yake juu ya pikipiki katika miezi hiyo ya njaa, akakuta jogoo watatu wamekwisha fungwa miguu kila mlango, akataja bei apendayo. Kisha Novemba na Desemba, wakati wakulima wamepokea malipo ya korosho, sherehe zimekaribia, na wasafiri wanarudi nyumbani kwa Krismasi, yule yule aliyeuza jogoo wake Februari hutafuta jogoo wa kununua kwa bei ya juu. Faida kubwa ya biashara hii ipo katika pengo baina ya misimu hiyo miwili.

Pora wa kienyeji hufikia umri wa kuuzwa vizuri katika miezi mitano au sita. Basi anayetaka kuuza Desemba hana budi kuwa na vifaranga mwezi Juni, na kwa rehema ya Mungu mwezi huo hapa kwetu ndio ufaao: mvua zimekwisha, ardhi ni kavu, mabaki ya mavuno yametapakaa mashambani, na punje zilizoanguka viwanjani huwa karamu ya bure kwa kuku. Atamisha basi mayai ya mitetea wako wote mwezi Mei. Lakini jihadhari, kwa kuwa kideri hupenda kuzuka wakati wa kiangazi, hasa katika miezi ya mwisho kabla ya mvua, yaani katika ule ule wakati ambao pora wako wananenepa na soko linakusubiri. Ndiyo sababu ya watu wengi kupata fedha za korosho hali vibanda vyao vya kuku ni vitupu. Ukichanja Machi, Julai na Novemba, ile ya Julai usiiache kwa udhuru wowote, na vifaranga waliototolewa baada yake wapewe tone lao pasipo kungoja. Kwa wale wanaolenga Idi, wakumbuke kwamba miezi ya Kiislamu hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo hesabu ya kuatamisha haina budi kufanywa upya kila mara, kwa kurudi nyuma miezi sita na wiki tatu kutoka siku ya sikukuu. Jando na unyago, ambazo hufanyika baada ya mavuno, ni soko jingine lililo mlangoni.

Desemba ikipita, usiingie katika miezi ya njaa na majogoo kumi wanaokula bure. Uza pora na majogoo wote ila yule wa mbegu, ubaki na mitetea bora tu, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili ubadilishe jogoo na mtu wa kijiji kingine ili ndugu wasizaliane.

Wengi watauliza: mbona usitushauri kuku wa kisasa wa mayai, anayetaga mara tano zaidi? Jibu ni hesabu, si chuki. Kuku wa mayai wa kisasa, akitunzwa vizuri, hutaga mayai 250 hadi 300 kwa mwaka, na wa kienyeji 40 hadi 60. Lakini wa kisasa hula takriban gramu 120 kwa siku, kila siku, atage asitage. Kuku 100 hula kilo 12 kwa siku, ambazo ni zaidi ya mifuko saba ya kilo 50 kwa mwezi, na kabla ya yai la kwanza, ambalo huja karibu na wiki ya ishirini, kila mmoja amekwisha kula kilo sita au saba. Maana yake ni kwamba kuku 100 wamekula mifuko 12 hadi 14 kabla hujaona shilingi moja. Kanuni yangu ya kupima ni hii, nayo haichakai bei zikibadilika. Trei moja ya mayai 30 hugharimu takriban kilo tano za chakula. Na kwa kuwa chakula ni kama theluthi mbili ya gharama zote za biashara hiyo, basi trei haina budi kuuzwa kwa thamani ya kilo saba na nusu za chakula hata usipate hasara, na zaidi ya hapo ndiyo faida. Uliza bei ya mfuko wa chakula uliokwisha fika Nkowe, pamoja na nauli yake, uigawe upate bei ya kilo, uizidishe kwa saba na nusu, kisha uuendee mgahawa na duka linalouza mayai Ruangwa mjini uulize watakupa ngapi kwa trei. Kama jibu lao liko chini ya hesabu yako, mlango huo ufunge kwa sasa. Wala usisahau kwamba vifaranga wa siku moja aghalabu hutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, na wanaokufa njiani wamelipiwa.

Kuku chotara kama Kuroiler aliyetoka India na Sasso aliyetoka Ufaransa wako katikati: hukua upesi, hujitafutia kiasi, lakini si hodari wa kuatamia na kulea, na huhitaji nyongeza ya chakula. Mtu aliyekwisha fuga wa kienyeji mwaka mzima na vifaranga wake wakapona aweza kuwajaribu kumi.

Chakula cha nyongeza kitoke kwanza karibu: pumba za mahindi, mtama, makopa yaliyokauka barabara, mashudu ya alizeti yanapopatikana, majani ya mchicha na kisamvu kilichopikwa, na maganda ya mayai au ya konokono yaliyotwangwa kwa ajili ya chokaa. Jambo moja lisichezewe. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo watu hutupia kuku kwa kudhani kwamba hayana madhara kwa ndege, hubeba sumukuvu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na ni kwa vifo hivyo wataalamu walikuja kuitambua sumu hiyo. Nasi tulio katika nchi ya karanga tunapaswa kuwa wa kwanza kuukumbuka msiba huo. Kilichoota ukungu kifukiwe.

Juu ya banda nitasema machache, kwa kuwa ndipo watu wanapomalizia fedha zao. Miti, udongo na nyasi zatosha. Liwe kavu, lipitishe hewa, mlango wake ufungwe usiku, kuku wasizidi watano au sita kwa mita ya mraba, na kama waweza liinue juu ya nguzo zilizovikwa bati ili paka na nyoka wasipande. Majivu yamwagwe kwenye viota kupunguza utitiri. Banda la matofali na mabati lingoje mpaka kuku wenyewe walilipie.

Katika kuuza, kosa la kawaida ni kila mmoja kumngoja mchuuzi mlangoni mwake. Wale majirani kumi mliochanga chanjo ndio mnaofaa kuuza pamoja. Mkiwa na pora hamsini siku moja, mchuuzi huja kwa mwaliko wenu, na kama hakuja, nauli ya kuwapeleka Ruangwa au Lindi hugawanyika. Nunueni mizani ndogo ya kuning'iniza, kwa sababu kuku wa kienyeji huuzwa kwa kukadiriwa kwa macho, na macho ya mnunuzi yamezoea zaidi. Migahawa ya Ruangwa mjini hutafuta kuku wengi zaidi siku ambazo timu ya mpira ya Namungo ina mechi nyumbani, nayo ratiba ya ligi hutangazwa mapema. Mfugaji aliye karibu hivyo na uwanja ana wajibu wa kuisoma.

Kuhusu mkopo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni msaada mkubwa, ila rai yangu ni kwamba usikope mwaka wa kwanza. Kopa ukiwa na daftari linaloonyesha mayai mangapi yalitagwa, vifaranga wangapi walitoka, wangapi walivuka mwezi wa pili, wangapi waliuzwa na kwa bei gani, pamoja na mayai na kuku mliokula nyumbani, kwa maana hao nao ni mapato. Na uombe marejesho yaangukie baada ya Desemba, yasiangukie Februari.

Neno moja la insafu halina budi kusemwa. Katika nyumba nyingi kuku hulishwa, huchungwa na huuguzwa na mama na watoto, kisha siku ya kuuza fedha hupokewa na baba. Biashara ya namna hiyo haidumu, kwa kuwa anayechoka bila ujira huacha kuamka usiku kufunga mlango wa banda. Kaeni mume na mke kabla ya kuanza, mkubaliane kwa maandishi katika lile lile daftari fedha ni ya nani na itatumikaje, na kiasi gani kitabaki kuwa cha kuku wenyewe kwa chanjo ya msimu ujao.

Kwa hiyo, ewe msomaji uliye Nkowe au kijiji chochote cha Ruangwa na Nachingwea, kabla hujanunua mtetea wa sita, wahesabu vifaranga wako wa mwaka uliopita waliokufa, uwaite majirani tisa, nendeni pamoja kwa ofisa mifugo wa kata, mwulizeni ni lini chanjo ya Julai itafika na kila mmoja atoe mchango wake siku hiyo hiyo.